Keki ya Jiko la Ohio

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Wendell Stroud anastaafu uongozi wa mfuko wa uwekezaji aliouanzisha hapa Greenwich, juu ya kliniki ya meno, kwa madawati mawili na feni moja. Mimi nilikalia dawati la pili, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu wa sherehe ya kumuaga.

Ustadi wake wote tunaujua. Wengine walinunua hisa wakiomba zipande. Wendell alitafuta kampuni zilizooza ndani, akakopa hisa za kampuni hizo na kuziuza, kisha zikianguka akazinunua kwa bei ya kutupa na kuzirudisha kwa wenyewe. Tofauti ilikuwa yetu. Kwa njia hiyo akawa bilionea, nasi tukapata nyumba zenye mabwawa ya kuogelea. Yeye aliendelea kula mkate wenye jodari wa kopo palepale mezani, na kuvaa sweta lililotoboka kiwiko, akisema nalo ni uwekezaji wa muda mrefu.

Tulikuwa na desturi pia. Kampuni tuliyoiwekea dau kwamba itaanguka ikifa, tulikata keki yenye umbo la bidhaa yake. Tulikula kiatu, tukala ndege, tukala kitanda cha hospitali. Tulicheka sana, na leo naona haya kuliandika neno hilo.

Mwaka 2009 ikaja zamu ya jiko. Kiwanda hicho cha majiko kilikuwa Ohio, katika mji aliozaliwa Wendell. Baba yake alistaafia pale, na dada yake mkubwa, Corinne, alikuwa bado anapaka rangi milango ya majiko hayo. Wendell aliyajua yote hayo alipoweka dau. Siku ya kuikata keki, Wendell akiwa ameshika kisu mkononi, Corinne akaingia. Alikuwa ameendesha gari tangu jana yake, aje kumwomba mdogo wake, mjuzi wa mambo ya fedha, awatafutie mtu wa kukinunua kiwanda.

Akaiona keki, machozi yakamlengalenga. "Jamani, mmelikumbuka jiko la baba," akasema. "Nami nilidhani huku umeshatusahau."

Wendell akamkatia kipande. Corinne akala, akatushukuru mmoja mmoja, nasi tukazipokea shukrani zile macho chini. Hakuna aliyemwambia keki ile ilikuwa ya nini. Keki zilikoma siku hiyo, lakini faida hatukuirudisha.

Wiki iliyopita nilimpelekea Wendell rasimu hii, nikijua ataifuta. Akasema, "Iache. Corinne anakuja Ijumaa, ataisoma."

"Asiyajue haya kwenye karatasi ya sherehe," nikamwambia. "Huo ni woga, Wendell. Mpigie."

Akampigia palepale, simu ikiwa kwenye spika. Akamweleza yote, dau na keki. Dada yake akasema, "Mimi siji huko. Njoo wewe huku, Ijumaa hiyohiyo. Nitawakusanya kanisani wote niliofanya nao kazi, uwaeleze kama ulivyonieleza. Na usitangulize hundi, mdogo wangu. Tangulia wewe."

Kwa hiyo, ndugu wageni, mtakula bila mstaafu. Tunakushukuru, Wendell, kwa kututajirisha, ingawa shukrani hizi nazo tunazitoa macho chini. Tunakutakia maisha mema, na ukishafika pale kanisani, ujasiri wa kushuka kwenye gari.