Swali la Kumpelekea Konseli

Mkabala na stesheni ya Shinyanga, ubavuni mwa kibanda cha fundi baiskeli, palikuwa na taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili. Hicho ndicho kilikuwa kijiwe. Mwenye kibanda alikuwa Thobias, aliyeitwa Spoku kwa ajili ya kazi yake na wembamba wake. Kushoto kwake huketi Bujiku, aliyepigana vita ya Burma, na watu wakamwita Bama mpaka mkewe akasahau kwamba ana jina jingine. Kulia ni Valerian, mchukuzi wa mizigo stesheni, jina la utani Tarumbeta. Sauti yake hufika kabla ya treni. Kahawa ni ya Mwanaima, mama wa Kimanyema, mwenye masikio makubwa kuliko birika lake. Asubuhi ile ya mwaka hamsini na tatu hakuna aliyebishia bei ya pamba. Thobias alikuwa ameshika barua ya bomani, na vidole vyake vya grisi vilikwisha kuipiga chapa pembe zote nne.

— Soma tena, — alisema Bama. — Polepole. Kiswahili cha karatasi kinanikimbia.

Thobias akasoma. Konseli wa Mwingereza aliyeko Elizabethville, nchi ya Kongo, anaarifu kuwa hospitalini huko yumo mgonjwa wa kifua, mchimba shaba, asiye na karatasi hata moja kwa kuwa chumba alichopanga kiliungua. Asema jina lake ni Donatus, mtu wa Kolandoto, Shinyanga. Kama kweli ni mtu wa Tanganyika, konseli atamrudisha kwao. Kama siye, hana la kumfanyia. Je, yuko ndugu wa kumtambua?

Donatus alikuwa kaka yake Thobias, tumbo moja. Aliondoka mwaka arobaini na nne. Miaka mitatu iliyopita msafiri mmoja alileta habari kwamba amekufa. Matanga yakawekwa, mama yao akanyoa nywele.

— Sasa konseli ndiyo nini? — aliuliza Tarumbeta. — Si lile baraza la Malya, wanakokutana watemi?

— Hapana, ngosha, — Bama alijibu. — Konseli ni mtu. Anakaa nchi ya watu na bendera ya kwao. Ukipotea, unaikimbilia ile bendera, unaishika, basi. Hakuna wa kukugusa.

— Hata polisi?

— Hata polisi. Hata mbu.

— Mbona huyu kamkuta hospitali?

— Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa hiyo konseli ni daktari pia.

— Wahenga wakikusikia watakupiga, — alisema Mwanaima, akimimina.

Tarumbeta hakukubali kupitwa.

— Mimi najua. Konseli ana kitabu kikubwa kama mlango. Kila ukilipa kodi hapa, jina lako linapanda treni, linashuka Kigoma, linavuka ziwa kwa meli, linaandikwa kule.

— Kama majina yetu anayo, — Mwanaima akamuuliza, — anamwandikia Spoku ya nini?

— Kitabu kiliungua na kile chumba, mama. Sikiliza barua!

Bama akainama, akashusha sauti.

— Niseme, nisiseme? Semeni. Donatus mlimwekea matanga. Aliyewekewa matanga haugui kifua. Kule Kongo wafu hufugwa misukule, wakaingizwa mgodini. Konseli kawakamata, sasa anawarudisha mmoja mmoja kwao. Mwenda tezi na omo hurejea ngamani.

Watu walicheka. Thobias hakucheka. Hakuogopa misukule, alikuwa akimwaza mama yake. Katanga ilijaa watu, na mgonjwa yeyote aliyelala jirani na Donatus angeweza kulijua jina lake na la kijiji chake.

— Mama alishazika mara moja, — alisema. — Nikimletea mtu mwingine, nitamzikisha mara ya pili. Na nikikataa, kumbe ni yeye…

Akaikunja barua, akaitia mfukoni.

Mchana alipita Herman, karani wa bomani, akiwa na kofia mkononi. Alisikiliza habari za bendera na kitabu, akatikisa kichwa.

— Konseli ni mtu wa serikali kama mimi, ila amekaa mbali. Hawezi kuona Kolandoto kutoka kule. Thobias, andika swali ambalo Donatus wa kweli peke yake atalijibu. Jibu uliandike kwenye karatasi nyingine, nitalifungia bomani. La Kongo likifika, tunalinganisha.

Kijiwe kizima kikageuka walimu.

— Muulize jina la mama yenu!

— Hilo kila aliyelala naye kambi moja analijua.

— Muulize stesheni ya pili kutoka hapa!

— Hilo hata bata anajibu.

Thobias alijifuta grisi mikononi. Kisha akaomba penseli, akawageuzia mgongo wenzake, akaandika: “Ni nani aliyemvunja mguu ng'ombe mwekundu wa baba?” Kwenye karatasi ya pili akaandika neno moja tu, akaikunja mara nne kabla Herman hajaiona.

Miezi mitatu ilipita. Bama alishamfanya konseli kuwa na mabawa. Siku Herman aliporudi hakuketi, wala hakupokea kikombe alichonyooshewa.

— Pole, Thobias. Majibu hayalingani.

— Amesema nini?

— Wewe uliandika “Thobias”. Yeye amejibu hivi: “Ni mimi. Mwambieni mdogo wangu kwamba ni mimi, na asiulize tena.”

— Nilisema! — Bama alidakia. — Msukule huyo!

Thobias alijishika magoti. Mabega yalimtikisika, na Tarumbeta akadhani anacheka, mpaka alipoona machozi yakichora njia kwenye grisi ya mashavu.

— Ni yeye, — alisema. — Ni kaka yangu.

— Lakini amekosea jibu, — Herman alisema taratibu.

— Hakukosea. Ng'ombe nilimvunja mimi, kwa jiwe, nikiwa na miaka kumi. Baba alipokuja na fimbo, Donatus akasema ni yeye. Alipigwa, siku tatu hakulalia mgongo. Baba akaapa hatampa ng'ombe hata mmoja wa kuolea. Ndiyo maana alikwenda Katanga, akatafute mahari yake. Siri hii hata mama haijui. Mtu mwingine angebahatisha jina lolote. Nani duniani angenidanganyia uongo uleule, miaka kumi na minane baadaye, akiwa kitandani?

Tarumbeta akamsukumia Thobias kikombe chake cha kahawa.

— Nikiyaandika haya, — Herman alisema, — yatasomwa bomani mbele ya watu. Mama yako atasikia.

— Andika. Nitatia sahihi.

Akatia. Kisha akapanda baiskeli ya mteja, ambayo breki zake hakuwa amezimaliza, akaenda Kolandoto kumwambia mama yake mwenyewe, kabla hajaambiwa na upepo. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema tu:

— Na mimi siku zile nilimnyima hata uji.

Donatus alishuka kwenye treni ya Tabora mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, amekonda, koti la hospitali likimpwaya. Tarumbeta alikataza mtu yeyote asiguse sanduku lake, ingawa lilikuwa jepesi kama tupu. Mama aliupitisha mkono kwenye uso wake, taratibu, paji, pua, kidevu, kisha akapiga kigelegele kilichomtoa stesheni masta ofisini. Thobias akasogea, akamshika kaka yake mkono.

— Nilikwambia usiulize tena, — alisema Donatus.

— Kaka, nisamehe.

— Ng'ombe mwenyewe alikuwa mkorofi.

Tangu hapo Donatus akapata nafasi kijiweni, kwenye jua, akikohoa na kunywa kahawa. Wenzake wakawa mabingwa wa konseli. Asubuhi moja Bama alikuwa akiwafundisha abiria namna ya kuokolewa: ukipotea nchi yoyote ile, usihangaike, konseli wa kwenu yupo, anakujua.

Kijana mmoja mwenye mkono uliofungwa kitambaa alikuwa amesimama pembeni akisubiri treni. Akasogea.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Mimi mtu wa Urundi. Nilikuwa nachimba dhahabu Geita. Karatasi zangu zimepotea. Hapa kwenu, konseli wangu mimi ni nani?

Bama aliinama, akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Tarumbeta alitazama reli upande huu, akatazama upande ule. Mwanaima akageukia birika lake, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba kahawa.

Donatus alisogea mpaka ncha ya taruma, pakabaki pengo la mtu mmoja.

— Kaa, — alisema. — Urundi wapi hasa?

Yule kijana akaketi, akaanza kutaja jina la kilima cha kwao.