Karatasi za Njano za Desmond Haigh

Tarehe 31 Julai, Desmond Haigh anastaafu uwakili baada ya miaka thelathini na sita, yote katika chemba hii ya mawakili, Mtaa wa Tanner, hapa Sheffield. Alipoingia, jina lake liliandikwa mwisho kabisa kwenye ubao wa mlangoni, pale ambapo mbwa wa mkuu wa chemba wa enzi hizo alikuwa akijikuna mgongo. Leo ni la pili kutoka juu.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na tisa, na kwa sababu karani wetu mkuu, Bev Stott, aliwauliza wengine kwanza wakasema wana kesi. Mimi sikuwa na kesi. Wanaonijua hawatashangaa.

Desmond hakuwa wakili wa wauaji. Watu wake walikuwa wale wanaoamka alfajiri kwenda kazini, na wale wanaotaka kuwazuia wasiende. Mpishi wa shule aliyefukuzwa kwa kumwagia mwalimu mkuu njegere. Muuguzi aliyekosea dozi akaitwa mbele ya jopo la usajili. Dereva wa teksi, mwenye baa, daktari wa mifugo aliyemtibu farasi asiye mgonjwa akamwacha mgonjwa. Wiki hii alimtetea dereva wa basi dhidi ya kampuni. Wiki ijayo aliitetea kampuni dhidi ya dereva mwingine. Ukimuuliza vipi, alijibu kwamba wakili ni teksi ya mbele kwenye foleni: abiria akifungua mlango, unaendesha. Madereva wa teksi walilipenda sana jibu hilo, wakawa wateja wake miaka yote.

Katika mabaraza ya kazi hatuvai wigi wala joho. Kwa hiyo kopo lake la wigi, lile jeusi lenye jina lake kwa rangi ya dhahabu, lilibeba chakula cha mchana kwa miaka tisa. Siku alipoitwa ghafla Mahakama Kuu, alilifungua mbele ya jaji akakuta nusu ya pai ya nyama ya nguruwe. Jaji akamwangalia Desmond. Desmond akaiangalia pai.

“Mheshimiwa, naomba dakika tano.”

“Za kutafuta wigi, Bwana Haigh, au za kula?”

“Nikipewa kumi, Mheshimiwa, nitamaliza yote mawili.”

Kwa wateja wake wenye leseni na usajili alikuwa na ushauri mmoja, na aliutoa hata kabla hawajavua makoti: “Waambie wewe kabla hawajakuuliza.” Wengi hawakumsikiliza. Waliomsikiliza, wengi wao bado wana kazi.

Na alikuwa na namna yake ya kujiandaa, ambayo vijana wetu wote wamejaribu kuiiga wakachoka. Kabla ya kuandika hotuba yake kwenye karatasi nyeupe, aliandika kwanza hotuba ya mpinzani, neno kwa neno, kwenye karatasi za njano. Aliiandika kwa moyo wote, kama anayelipwa na upande ule. Alisema huwezi kumjibu mtu ambaye hujawahi kuwa yeye. Nimewahi kuziona karatasi za njano zilizoandikwa kwa niaba yangu. Niliona haya, nikazirudisha mezani kwake.

Sasa nifike pale ambapo wengi wenu mnapangoja, maana kisa hiki kimeshasimuliwa kwenye vyumba vya mawakili kote kaskazini. Kinasimuliwa vibaya.

Tarehe 14 Machi mwaka huu, saa nne asubuhi, mimi na Desmond tulikutana mbele ya kamati ya leseni ya mji mmoja wa jirani, kila mtu na upande wake. Watu wa nje huona ajabu mawakili wa chumba kimoja kupingana. Kwetu ni jambo la kila wiki. Desmond alikuwa wakili wa halmashauri, iliyotaka baa iitwayo Nyundo Tatu ifutiwe leseni. Mimi nilikuwa wakili wa mwenye baa, Bi. Jeanette Oldroyd, mjane wa miaka sitini na moja, anayeishi ghorofani juu ya kaunta yake. Leseni ikienda, na nyumba inakwenda.

Kosa lake lilikuwa moja. Usiku wa fainali ya mpira aliufunga mlango wa dharura kwa mnyororo, maana vijana walikuwa wakipenya humo kumkwepa bawabu. Watu wakafurika, mama mmoja akazimia, ikabidi apitishwe juu ya vichwa vya wenzake hadi mlango wa mbele. Hakufa mtu, wala hakuna aliyeshtaki. Jumatatu asubuhi Bi. Oldroyd alipiga simu halmashauri mwenyewe akasema alichokifanya.

Desmond alianza kuzungumza, akiwa wa kwanza. Niliona karatasi ya njano mkononi mwake nikadhani ni nyeupe iliyozeeka. Kisha akamgeukia Bi. Oldroyd, aliyekaa nyuma yangu mimi, akamwita mteja wake.

Alizungumza dakika sita. Sijawahi kusikia mtu akitetewa namna ile. Alieleza maana ya mwanamke mmoja kusimama nyuma ya kaunta miaka ishirini na mbili, miaka sita ya mwisho akiwa peke yake. Alieleza simu ile ya Jumatatu, jinsi mkono unavyokuwa mzito kuinua simu ya namna hiyo. Mwenyekiti wa kamati alivua miwani. Ofisa wa halmashauri alibadilika rangi. Bi. Oldroyd akaninong'oneza kutoka nyuma, “Kumbe huyu naye ni wa kwetu?”

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Wajibu wangu ulikuwa kwa mteja wangu, na mteja wangu alikuwa anatetewa kuliko ambavyo ningeweza. Badala yake nilichana kipande cha karatasi nikaandika, “Haigh, wewe ni wa halmashauri,” nikakisukuma mezani.

Alikisoma katikati ya sentensi. Nilimwona uso. Sitausimulia.

Kisha akaweka karatasi za njano chini. “Hizo, waheshimiwa,” akasema, “ndizo hoja bora kabisa ambazo msomi mwenzangu Bwana Thackray angeweza kuzitoa. Nimemsaidia kuzitoa ili tusichelewe chakula cha mchana. Sasa nizijibu.”

Akazijibu, moja baada ya nyingine, kwa dakika ishirini. Zamu yangu ilipofika hakikubaki kitu; nilikuwa kama mtu aliyefika shereheni masufuria yakioshwa. Leseni ikafutwa, tukapewa nafasi ya kukata rufaa, baa ikibaki wazi hadi isikilizwe.

Kufika Ijumaa, kila chumba cha kuvalia majoho kilikuwa na habari. “Umesikia ya Haigh? Kamla Thackray hotuba yake ikiwa bado mdomoni!” Walimnunulia vinywaji. Vijana wawili walianza kutumia karatasi za njano. Ilikuwa hila ya mwaka, na watu tuliojua haikuwa hila tulikuwa wawili tu.

Desmond aliibeba sifa hiyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili aliingia ofisini kwa Bev kabla hajavua kofia.

“Bev, nifutie shajara.”

“Ya wiki hii, Bwana Haigh?”

“Yote.”

Bev anasema Desmond alikaa kwenye kiti cha matarishi, kile chenye mguu mfupi, akamweleza. Alipomtazama Bi. Oldroyd mbele ya kamati hakuwa na shaka hata chembe kwamba ni mteja wake. Na ilikuwa mara ya tatu tangu Krismasi ukungu wa namna hiyo kumshukia. “Karatasi ningeweza kuzisingizia, Bev. Lakini mkono uliozishika ni wangu.” Siku hiyohiyo aliwaandikia halmashauri, akawaandikia na wanaotusimamia sisi mawakili. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mwezi Mei madaktari walikipa kitu hicho jina. Mkewe, Ruth, ameomba nisiliandike hapa, na Desmond, ambaye hajawahi kumshinda Ruth kwa hoja, amekubali.

Yaliyobaki ameyataka yeye yaandikwe. Aliniambia mwezi Aprili, akiwa anafungasha vitabu. “Thackray, ukikisimulia kile kisa kama wanavyokisimulia wao, nitasimama katikati ya supu, kwenye karamu ya kuniaga, nikukanushe.”

“Watu wanakipenda, Haigh. Waachie.”

“Miaka thelathini na sita nawaambia wauguzi waseme kabla hawajaulizwa. Leo nami nifiche, eti kwa sababu uongo wangu unachekesha?”

Mimi pia nilikuwa na wangu wa kukiri.

Nilimpigia Bi. Oldroyd kesho yake nikamweleza kuhusu kile kipande cha karatasi.

“Kwa hiyo ulimstua?”

“Nilimstua.”

“Na usingemstua, angeendelea?”

“Huenda.”

Nilisikia glasi zikipangwa, moja, mbili, tatu. “Ni rafiki yako?”

“Ndiyo.”

“Basi ungekuwa mtu wa namna gani kama usingemstua?” Glasi nyingine. “Ila wewe mwenyewe uliposimama, kaka, ulikuwa hovyo.”

Nilikubali. Nikamwambia ana haki ya kutafuta wakili mwingine kwa ajili ya rufaa.

“Namtaka yule mzee.”

“Haiwezekani, Bi. Oldroyd. Alikuwa wa upande ule, na ameacha kazi.”

“Basi nataka maneno yake. Uliyaandika?”

Niliyaandika. Wakili huandika kila anachosema mpinzani. Ni mazoea, kama mwashi kugonga tofali kabla ya kulipanga.

“Soma hayohayo,” akasema, akakata simu.

Rufaa ilisikilizwa upya, toka mwanzo, tarehe 9 Julai mbele ya mahakimu watatu. Desmond alikuja na Ruth, akakaa safu ya nyuma na koti lake la mvua magotini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mahakamani mikono mitupu. Nilisoma dakika zile sita kama zilivyo. Tatizo ni kwamba kipande changu cha karatasi kilimkata katikati ya sentensi, kwa hiyo hotuba haikuwa na mwisho. Nikautunga mwenyewe. Ulikuwa na neno “haki” mara nne. Hakimu wa kulia alitazama saa.

Walitoka dakika arobaini, wakarudi, wakamrudishia Bi. Oldroyd leseni yake.

Huko kwenye ujia, Desmond alinijia akanipa mkono. Mawakili wa nchi hii hatupeani mikono. Tunajuana, ati, hivyo hatuhitaji kuhakikishiana kwamba hatujaficha upanga. Mkono hupewa mtu wa nje. Miaka kumi na tisa hatukuwahi kushikana mikono. Niliupokea.

“Hotuba nzuri, Thackray. Nani alikuandikia?”

“Wewe, Haigh.”

Alicheka, akanigonga bega, kama mtu anayemshukuru mwenzake kwa kumsifu bila sababu. Ruth akatazama dirishani. “Lakini mwisho ulikuwa dhaifu,” akasema Desmond.

“Wewe ungemalizaje?”

Hakufikiri hata kidogo. Ilikuwa kama mtu anayeendeleza sentensi aliyokatizwa dakika moja iliyopita. “Ningewaambia: aliyefunga mlango, kisha akaja mwenyewe kusema ameufunga, huyo ndiye wa kukabidhiwa ufunguo.”

Bi. Oldroyd, aliyekuwa kando yetu, alifungua mkoba wake na kuanza kutafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Desmond, kwa desturi ya chemba hii, siku ya mwisho wakili humrudishia Bev ufunguo wa mlango wa mbele, naye huutundika nyuma ya meza yake pamoja na za waliotangulia. Jumatatu inayofuata huja fundi wa rangi kufuta jina. Jumanne iliyopita tuliketi kulijadili hilo. Bev, ambaye kazi yake ni kufikiria yale tusiyotaka kuyafikiria, alisema kwamba huenda ukaja siku ambayo hukutarajiwa, na ukadhani una kesi. Kisha Bev mwenyewe akasema kwamba, ikiwa hivyo, mtu atapaswa kuwa tayari na chai, na kwa kuwa Thackray kwa kawaida hana kesi, ni yeye. Likapita bila kupingwa.

Kwa hiyo jina lako linabaki ubaoni, la pili kutoka juu. Tunakushukuru kwa kila abiria uliyembeba bila kumuuliza anakokwenda, kwa pai, kwa karatasi za njano, na kwa kutufundisha mwezi Machi jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tukiwauzia wateja bila kulijaribu wenyewe. Ruth, tunakuombea nguvu. Desmond, tunakutakia asubuhi nyingi zisizo na ukungu, na zile zenye ukungu, mtu wa kukushika mkono.

Ufunguo usimrudishie Bev. Utie mfukoni. Siku ukisahau ni wa mlango gani, anza kuujaribu kwetu.

Martin Thackray, kwa niaba ya chemba