Klementi Nampunju na Bomba la Mafuta ya Maganda

Ndugu waombolezaji, msomaji wenu wa wasifu huu, Dominick, shemeji yake marehemu, aliyepika melini hadi Durban na Muscat na bado hajui kutofautisha watu, anaomba radhi kwa mliyoyaona asubuhi, alipomwona bwana mwenye suti nyeusi akishuka garini, akampigia goti, akasema Tumsifu Yesu Kristo, akaomba baraka na kumketisha kwenye kiti cha padri, kumbe ni meneja wa kiwanda cha korosho, naye angali amekikalia, na Baba Paroko ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

Klementi Francis Nampunju alizaliwa Mtama tarehe 3 Mei 1972, akamaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1987, akisifika kwa hesabu na ngumi, zaidi ngumi, akafunga ndoa na Skolastika tarehe 12 Oktoba 1996, na mwaka 2004 wakahamia hapa Lindi mjini, alipoajiriwa kiwandani kuchochea tanuri.

Walijaliwa Yustina, Ignasi na Flora, ambaye kifua kilimbana hadi akafa mwaka 2021 akiwa na miaka tisa, wakati moshi wa maganda ya korosho ulipokuwa ukishuka mtaani hadi kuku wakawa wanaanguka bandani, na mafuta ya maganda, yale yanayobabua mikono ya wabanguaji, yakitoka kwa bomba hadi visimani kwetu, mtu akioga anatoka malengelenge.

Baada ya kumzika mwanawe aliacha kazi, na tarehe 9 Novemba 2023 aliliziba bomba kwa magunia ya udongo wa mfinyanzi, mafuta yakarudi kiwandani, walinzi wakatoka na virungu, wakamvunja mkono na mbavu, wakamtosa kichwa chini kwenye shimo la mafuta wakisema, "Meza, mzee, si umeyataka mwenyewe," naye kwa mkono uliobaki akamvutia mmoja wao humo humo, na jino la mlinzi yule halijaonekana hadi leo.

Ngozi ya uso ilimbambuka, Skolastika akawa anaiokota kwenye shuka kila asubuhi, mapafu yakaoza, akakohoa damu hadi Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, alipokata roho mikononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwosha vidonda bila kuziba pua, majirani waliotutekea maji mbali, na wachochea tanuri wenzake waliokuja leo wakijua kesho huenda hawana kazi.

Pumzika kwa amani, Klementi, pumua sasa.

Limebaki la meneja, aliyemnong'oneza msomaji kwamba kiwanda kitauchimbia mtaa kisima kirefu, ilimradi isomwe hapa kuwa marehemu alikufa kwa pumu ya kuzaliwa, na msomaji, kwa woga wake wa siku zote, akalipeleka neno hilo ndani, mkekani kwa mjane, ambaye alijibu bila kuinua kichwa:

"Kaka, mnawishe huyo meneja uso kwa maji ya kisima tulichonacho. Akimaliza, hiyo pumu aisome yeye."