Mtoto Aliyewika Kwenye Bariere

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni vizuri, maana mimi Mama Ilunga wa kambi ya wafanyakazi ya Panda, Mungu aliniokoa kwa mkono wa askari aliyekuwa anatafuta kuku.

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, vita iko karibu, barabara zimejaa bariere, vile vizuizi vya askari. Ilunga wangu hata kukaa hajui. Akashikwa na kifaduro. Anakohoa mpaka pumzi inakwisha, halafu anaivuta kwa sauti kali: kuuuu! Jogoo kabisa. Niliogopa, ndugu zangu! Kikohozi hicho kilikuwa kinazika watoto wachanga pale kambini.

Mama mkwe wangu hakuogopa. Yeye alijua sababu.

"Weye ulikula kuku na mimba! Sasa ile kuku njo inalia ndani ya mutoto."

Kwao mwenye mimba hagusi kuku, na mimi nilikuwa nimegusa mpaka mifupa. Basi akamfunga mtoto unyoya wa jogoo shingoni, akaniambia nitulie, kuku atatoka mwenyewe.

Nilitulia mpaka nilipoona midomo ya mtoto imekuwa ya buluu. Hapo nikamfunga mgongoni, nikamfunika kitenge, unyoya unachungulia nje, nikakimbilia hospitali kwa miguu. Kufika kwenye bariere, mtoto akawika. Askari akaruka!

"Mama, toa ile jogoo!"

"Haiko jogoo, papa, iko mutoto!"

"Mutoto gani analia vile? Na hii manyoya?"

Akafunua kitenge huku anatabasamu, nadhani alishaona sufuria. Akakutana na uso wa Ilunga, macho yamegeuka, pumzi hakuna.

"Yezu!" akapiga kelele.

Hiyo ndiyo sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia, na ilijibiwa. Akatupakia kwenye gari yake ya jipu, honi ikalia mpaka mlango wa hospitali.

Masista walimvuta makamasi, wakampa hewa na sindano. Chumba kizima kilikuwa cha watoto wa kifaduro. Asubuhi kitanda cha jirani kilikuwa kitupu. Nililia na mama wa mtoto aliyelazwa hapo. Wangu akabaki. Kwa nini wangu, sijui. Nashukuru nikitetemeka.

Mama mkwe alipokuja, akasikia chumba chote kinawika. Akatutazama mmoja mmoja, mdomo wazi.

"Bamama, mulikula bote kuku?"

Tulicheka na machozi yetu. Naye akainama, akaufungua ule unyoya kwa mikono yake mwenyewe.

Ndugu zangu, Mungu yupo! Mtegemeeni! Na kama kuna mama hapa ambaye mtoto wake anakohoa mpaka anapoteza pumzi, asingoje baraka ya mwisho. Bwana hatakasirika ukitoka kabla ya sadaka. Simama sasa hivi, mama, mbebe, nenda hospitali. Sisi tutabaki hapa tukisema Amina kwa ajili yako.