Marahaba Zangu za Asubuhi

Sikilizeni, wanangu, wewe Clement na dada yako Esta, sogeeni nisikie mnavyopumua, maana macho yangu yalishazima, na kuzima kwake ndiko mlikokutumia kunidanganya.

Shamba la chai hapa Igowole ni la Esta. Miti ya mbao kule bondeni ni ya Clement, ila mpaka wa jirani yetu Samwel msiuguse. Nimegombana naye tangu ujana, lakini hajanihadaa hata siku moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Clement, uliniletea simu ya wazee wasioona, ile ya akili mnemba, inikumbushe dawa za presha na kuita watu nikianguka, nami nikashukuru. Tangu hapo ukawa unanipigia kila asubuhi: "Shikamoo baba, umeamkaje?" Hukusema tena kamwene, salamu ya kwetu, nikajua ni mambo ya mjini. Nilijisifu hadi kanisani kwamba mwanangu yuko Mbeya lakini hanisahau. Nikakuitikia marahaba, nikakuombea, nikakueleza ninavyomlilia marehemu mama yenu, mambo ambayo hata mchungaji hajayasikia. Kumbe! Siku ile umekuja, umekaa hapa kitandani, mkono wangu uko kwenye goti lako, simu ikaita, na sauti yako ikaniamkia kutoka mezani. Kumbe ni mashine iliyoiga sauti yako kila asubuhi. Esta alikuwa anajua, naye hakuniambia. Niliona aibu, wanangu, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Mnasema mlitaka nisiwe mpweke. Mngeniambia ni mashine ningeongea nayo hivyo hivyo. Lusia jirani anayo ya kliniki, hujitaja kwanza kuwa ni mashine, na inamfaa sana. Basi hii yangu ifuteni sauti ya Clement na yote niliyoyasema, mumpe kipofu mwingine, nayo ijitaje kabla ya salamu. Mwenyekiti wa kijiji nimeshamwomba: mzee yeyote kabla ya kupewa simu hizi aulizwe yeye mwenyewe, si wanawe. Nami nikifa msinifufue humo simuni. Sauti yangu izikwe nami.

Esta, nimekusamehe, Mungu akutunze wewe na wanao. Clement, baraka zako nilizitoa kila asubuhi, zikaenda nisikokujua. Imebaki moja... nipe maji kidogo... imebaki moja, na pumzi hainitoshi. Piga goti, mwanangu, uniamkie kwa kinywa chako, ile kamwene ya nyumbani, nikuitikie.

Sogea. Sijasikia.