Mama Antoinette Nabintu, Aliyepiga Hodi Kila Asubuhi ya Pasaka

Ndugu, jamaa, majirani, wachungaji, nanyi nyote mliofika hapa Dzaleka leo, Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025: tunayemsindikiza ni Mama Antoinette Nabintu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Noël. Maisha yake yanasomwa na mdogo wake, Charlène, kwa niaba ya familia.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1967 Bukavu, Kivu ya Kusini, mtaa wa Cimpunda katika Kadutu. Baba yake alikuwa fundi mwashi, mama yake aliuza mboga. Wazazi walisema alitembea mapema kuliko ndugu zake wote, na tangu siku ile hakutulia. Akitumwa kuteka maji, alirudi na ndoo nusu na habari za mtaa mzima.

Alisoma shule ya msingi Kadutu, kisha akasomea kukata na kushona, akapata diploma yake mwaka 1986. Lakini nyumbani jambo lililosimuliwa zaidi kuhusu masomo yake halikuwa diploma. Antoinette alipokuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwalimu wa Shule ya Jumapili aliwasimulia habari za wale wanawake waliokuta kaburi la Yesu liko wazi, wakakimbia wakitetemeka, wasimwambie mtu kwa woga. Antoinette akasimama.

“Mwalimu, kama hawakuambia mutu, sisi tulijua aje?”

Watoto wakacheka. Mwalimu akasema, “Pengine kunyamaza kuliwashinda.”

Jibu hilo halikumtuliza, lilimwasha. Aliwasumbua ndugu zake kitandani: walinyamaza mpaka lini? Nani alianza kusema? Aliyeambiwa wa kwanza aliitikia nini? Mama yetu alimwombea apate usingizi.

Tarehe 8 Julai 1989 alifunga ndoa na Hubert Mushagalusa, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache. Hubert alipenda kusema kwamba katika ndoa yao ilibidi mmoja akae nyumbani, na ilijulikana tangu mwanzo kwamba si mkewe. Mungu aliwajalia watoto watatu: Noël, Bienvenu na Douce. Vita vya Juni 2004 viliwaondoa Bukavu. Walipita Uvira, wakavuka hadi Kigoma, wakashuka kusini hadi Malawi, na mwezi Machi 2005 wakapokelewa hapa kambini Dzaleka. Cherehani ilibaki Bukavu. Mkasi alikuja nao, umefungwa ndani ya kitenge.

Mwaka 2008 familia ilihamia Lilongwe, Area 23. Mama Antoinette alishona sare za shule na magauni ya chitenje, kitenge cha huku, barazani kwake, na siku za soko alipanda minibasi kwenda kuuza mjini Nathenje. Wateja wake Wamalawi walimpenda kwa mshono usiofumuka, ingawa walilalamika kwamba kumpima mtu mkono mmoja kulimchukua muda, kwa kuwa mdomo wake haukupumzika.

Kila Pasaka, asubuhi, kabla ya ibada, alitoka mlango hadi mlango. Hakubeba kitabu wala kapu la sadaka. Alipiga hodi, akasema, “Yesu iko muzima,” akaenda mlango mwingine. Wengine walimkaribisha chai. Wengine walijifanya hawapo. Hata kanisani wapo waliomwambia kwamba anawaaibisha wakimbizi wenzake mbele ya wenyeji. Alisikiliza kwa heshima, na mwaka uliofuata akatoka tena.

Mlango uliomsumbua kuliko yote ulikuwa wa Mzee Nahimana, Mrundi, fundi wa baiskeli za kabaza, zile zinazobeba abiria. Ndugu zake waliuawa kwao, wala hakupata kuwazika. Mara ya kwanza alipogongewa alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye mnyororo aliokuwa akiutengeneza.

“Mama, mi nilionaka makaburi. Hakuna ata moya ilifunguka.”

“Ninasikia, papa,” alisema Mama Antoinette. “Nitarudia mwaka ujao.”

Akarudi. Miaka yote akarudi, naye mzee akamjibu vilevile, na kila mara mama alifika nyumbani hana raha. Alimwambia Hubert kwamba neno lake linafika kwa mzee yule kama barua iliyopotea anuani, na hajui alikosea wapi.

Ndipo ikaja Pasaka ya 2019. Alhamisi, tarehe 18 Aprili, Douce alifariki akijifungua. Mtoto, Gabriella, alipona. Jumamosi Douce alizikwa. Jumapili asubuhi Mama Antoinette hakutoka. Aliketi na kichanga mapajani, akainuka, akakunja nguo za mtoto, akazikunjua, akaketi tena. Mchungaji alipokuja kumwombea, alimwambia, “Mchungaji, leo uniache.” Kwaya ilipita barabarani ikiimba, naye akafunga dirisha.

Jua lilipokuwa limepanda, mtu alipiga hodi. Alikuwa Mzee Nahimana, mikono bado myeusi kwa grisi.

“Mama Noël, leo haukukuja.”

“Sina kitu ya kusema, papa.”

“Njo nimekuja mi. Yesu iko muzima.” Akapangusa mikono kwenye suruali. “Ni vile unasemaka.”

Mama Antoinette alisimama kwa hasira. “Usiniletee neno we mwenyewe hausadiki!”

“Na we? Leo unaisadiki?”

Hubert, aliyekuwa ameketi pembeni, alisimulia baadaye kwamba aliogopa swali lile kuliko kilio chote cha siku zile. Mkewe akasema, “Sijue.”

“Basi tuko babili,” alisema mzee. “Mi nilikungoja. Nikaona saa inapita. Nikasikia vibaya. Ile neno unanileteaka, nilizoea kuikatala. Leo sikukuwa na ya kukatala.”

Hapo ndipo Mama Antoinette alipomlilia Douce kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mzee hakumnyamazisha. Mama alipomaliza kulia alinawa uso, akamfunga Gabriella mgongoni, akatoka. Mzee akamfuata. Kwenye mlango wa kwanza sauti haikutoka, akasema Nahimana badala yake, tena vibaya, kama mtu anayeuliza njia. Mlango wa pili pia. Kwenye mlango wa tatu, kwa mjane wa Kimalawi aliyeuza nyanya, alisema mwenyewe kwa Kichewa, “Yesu ali moyo,” yaani yu hai, na yule mjane akamshika mikono yote miwili asimwachie.

Tangu Pasaka ile namna yake ilibadilika. Hakusema tena na kupita. Alikaa kwanza, akauliza, “Hapa mulifiwa na nani?” Alisikiliza jina, akalitamka, ndipo akatoa habari yake. Milango aliyoifikia ikawa michache, na aliumia kwa ile aliyoiacha. Wakimbizi walipoamriwa kurudi kambini mwaka 2023, alifunga kazi Area 23, akahamia tena Dzaleka na cherehani yake, akaanza upya na majirani wapya. Mzee Nahimana alihamia huku pia. Hakubatizwa, wala mama hakumshurutisha. Lakini asubuhi za Pasaka mliwaona wakienda pamoja, wakibishana njiani.

Presha ilimwanza mwaka 2022, na mwaka huu figo zikachoka. Mwezi Septemba alipelekwa hospitali ya Dowa, kisha Lilongwe. Miguu ilivimba, lakini wauguzi walimkuta mara nyingi kando ya vitanda vya wengine, akiuliza majina ya waliowatangulia. Muuguzi mmoja, akimwita bibi kwa Kichewa, alimwambia kwa upole, “Agogo, mulale.” Alilala mpaka muuguzi alipogeuka.

Siku za mwisho alihangaika. Alimwambia Hubert kwamba kuna milango upande wa soko la kambi hajaifikia. Hubert, ambaye maisha yote alikuwa yule wa kukaa nyumbani, alisema, “Uniambie ni ipi. Nitaenda.” Mkewe alimtajia mmoja mmoja, na Hubert akayarudia majina ya wenye milango mpaka akayashika. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Hubert Mushagalusa, watoto wawili, Noël, aliye hapa pamoja nasi, na Bienvenu, anayetusikiliza kwa simu kutoka Kanada, mjukuu, Gabriella, mdogo wake, Charlène, na majirani wa mataifa manne ambao hesabu yao anaijua Mungu. Ametanguliwa na wazazi wake na binti yake, Douce.

Mama Antoinette hakuzoea kupumzika. Bwana amfundishe, polepole, kwa amani, mpaka asubuhi ile atakapomwamsha.