Wasifu wa Marehemu Athanas Ngassa Ndaki, Aliyelea Nyasi Zisizoliwa na Ng'ombe

Jumapili, tarehe 22 Aprili 1956, mvua ilinyesha Ushirombo tangu alfajiri hadi saa tisa alasiri, na waumini waliotoka misa ya kwanza walikwama chini ya paa la kanisa. Mmoja wao alikuwa Mzee Ngassa Ndaki, mfugaji, aliyeletewa habari hapohapo kwamba mke wake amejifungua mtoto wa kiume. Alitembea kwenye mvua hadi nyumbani, akamtazama mtoto, akasema mwaka huo nyasi hazitapungua. Mtoto akaitwa Athanas. Familia imeona ianzie hapo, kwa sababu marehemu hakuachana na nyasi maisha yake yote. Utotoni alizichungia ng'ombe, ukubwani akazikwangua kwa greda, na uzeeni akazipanda.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 katika shule ya misheni pale Ushirombo, akamaliza la saba mwaka 1971. Alikuwa mwanafunzi mtulivu, mwenye mwandiko mzuri, ila alichelewa karibu kila siku. Mwalimu alipomtaka aeleze mbele ya darasa, alijibu kwamba ndama hawapelekwi kwenye nyasi zenye umande, kwa hiyo yeye husubiri umande ukauke ndipo amalize kuchunga aje shule. Alichapwa viboko viwili, na kesho yake akachelewa tena kwa sababu ileile.

Mwaka 1976 alikwenda Shinyanga kujifunza kuendesha mitambo, na mwaka 1978 akaajiriwa kuwa dereva wa greda katika kazi za barabara. Alihamishiwa Geita mwaka 1991, akastaafu mwaka 2016. Kwa miaka thelathini na minane alikwangua nyasi kandokando ya barabara bila kuzihurumia. Waliofanya kazi naye wanakumbuka kwamba alikuwa akishuka kwenye greda kupima kwa kiganja kama amefika kwenye udongo, na akikuta shina moja limebaki alirudi nyuma.

Tarehe 7 Julai 1984, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Paskazia, binti wa Buseresere, naye ndiye Mama Ritha tunayemfahamu. Walijaliwa watoto watatu. Mama Ritha ni mkulima, na tangu siku za uchumba alimweleza mwenzake wazi kwamba ardhi isiyotoa chakula ni uvivu.

Ndiyo maana mgogoro mkubwa wa ndoa hii, na familia inaomba radhi kuutaja mbele ya jeneza, ulikuwa wa nyasi.

Baada ya kustaafu, marehemu alilala usiku mmoja katika nyumba ya wageni jijini Mwanza, akaona mbele ya nyumba hiyo uwanja wa ukoka uliolala kama mkeka. Aliporudi hapa Kalangalala, mjini Geita, alipima mbele ya nyumba hatua kumi na nne kwa tisa, akaleta magunia sita ya vishina vya ukoka kwa bodaboda, akapanda kimoja kimoja. Mama Ritha alikuwa amepapangia viazi vitamu vya kukausha michembe. Kaka yake marehemu alikuja kutoka Ushirombo, akasimama getini, akauliza, "Athanas, umepanda majani halafu umewakataza ng'ombe?" Akanywa chai, akaondoka.

Nyasi zilistawi mwaka mzima. Januari 2019 zikaanza kuugua. Yalitokea mabaka ya mviringo, kila moja kama ungo, ya rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Asubuhi na mapema pembezoni mwake palionekana utando mweupe kama wa buibui, na jua likipanda utando ulipotea. Marehemu aliyahesabu mabaka kila siku. Yalianza matatu, yakafika kumi na moja. Mama Ritha naye aliyahesabu. Siku ya kumi na moja alileta ndoo ya mapando ya viazi, akaiweka barazani, akasema kwamba yeye si mtu wa kugombana, anasubiri tu. Wakakubaliana: nyasi zikipona kabla ya Pasaka, asingezitaja tena, zisipopona, Jumamosi Kuu angepanda viazi.

Tangu hapo marehemu hakupata usingizi mzuri.

Jirani yake Enock, mchimbaji wa dhahabu, aliyatazama yale mabaka akampa pole, kisha akampa hongera. Alisema huko machimboni nyasi zikikauka kwa mviringo chini yake kuna kitu. Marehemu alikataa siku nne. Siku ya tano aliruhusu shimo moja, ndani ya baka lililokwisha kufa, lisizidi upana wa beseni. Enock alipitisha kifaa chake cha kutafutia madini, kikalia. Akachimba kwa sururu kwa uangalifu mkubwa, watu wanane wakiwa wamesimama ukutani, akatoa mfuniko wa sufuria ya Mama Ritha uliopotea tangu nyumba inajengwa. Mama Ritha aliuchukua, akausuuza, akaingia nao jikoni.

Lakini marehemu aliinama kwenye lile shimo, akaona asichokuwa amekiona. Juu ya udongo palikuwa na tabaka la nyasi zilizooza, nene kama chapati mbili, na chini yake udongo umelowa chapachapa. Alikata kipande, akakifunga kwenye gazeti, akakipeleka kwa Bi Swaumu, mwenye duka la pembejeo karibu na soko.

Bi Swaumu alikinusa, akamuuliza humwagilia saa ngapi. Marehemu akajibu kwamba ni saa kumi na mbili jioni, saa ambayo ng'ombe hunyweshwa, kila siku, hata mvua ikinyesha, maana ng'ombe hanyimwi maji kwa kuwa jana alikunywa.

"Mzee wangu," Bi Swaumu alisema, "ng'ombe akinywa jioni analala ameshiba. Nyasi zikinywa jioni zinalala na nguo mbichi. Wewe ukilala na nguo mbichi mwezi mzima unaota nini?"

"Fangasi," akasema marehemu, kwa sauti ndogo.

Aliporudi nyumbani alikuwa na karatasi yenye maagizo, nayo ipo mpaka leo. Amwagilie alfajiri tu, na siku ambazo udongo umekauka. Asikate kwa fyekeo hadi chini kama greda, aache urefu wa vidole vitatu. Azoe kwa reki nyasi zilizokufa, atoboe ardhi kwa uma wa bustani ili ipumue, apunguze matawi ya mpera yanayozuia jua. Mbolea mbichi ya ng'ombe, ambayo alikuwa ameimwaga toroli nne kwa mapenzi, asiirudie; atumie iliyooza vizuri, tena kidogo. Dawa ya ukungu apulizie mwisho, kwa kipimo cha kwenye kibandiko, amevaa glavu na barakoa, kwenye mabaka na pembezoni mwake tu, maana dawa bila kubadili tabia ni kumpaka mafuta anayelala matopeni. Na asikanyage nyasi zenye umande, wala asitoke penye ugonjwa akakanyaga penye uzima bila kuosha viatu na zana.

Agizo hilo la mwisho ndilo lililomponza. Zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake ilipofika, katikati ya Kwaresima, waumini walikuta getini beseni la maji ya sabuni na kibao kilichoandikwa: USIKANYAGE KABLA UMANDE HAUJAKAUKA. Kila mmoja aliosha miguu, marehemu akiwa amepiga magoti na taulo. Mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Marselino, alinyoosha mguu wa pili akasema, "Naona Alhamisi Kuu mwaka huu imewahi."

Ilipofika Jumamosi Kuu, tarehe 20 Aprili 2019, mabaka kumi yalikuwa yamefunikwa na chipukizi. Moja lilibaki wazi, kama sahani. Mama Ritha alitoka na ndoo yake saa tatu asubuhi, akamkuta mumewe ameweka kiti juu ya lile baka, ameketi, anasoma kitabu cha nyimbo. Alizunguka uwanja mzima akikagua. Hakumwomba ainuke. Alimletea chai, akamwambia, "Kaa hapohapo, Baba Ritha. Ukiinuka, napanda." Alikaa hadi jua lilipozama. Mapando yalipandwa nyuma ya jiko, na michembe yake wengi wenu mmeila.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alilazwa mara tatu hapa Geita, mara ya mwisho tarehe 24 Februari 2025. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka 68. Ameacha mjane, Paskazia, watoto watatu, Ritha, Davis na Nelly, wajukuu watano, na kaka yake. Aliacha pia maandishi kwamba waombolezaji wakae popote, hata kwenye nyasi, ila mikeka ihamishwe mara kwa mara. Ndiyo sababu leo asubuhi mmeinuliwa mara mbili.

Jioni ya kuamkia kifo chake, Mama Ritha alikuwa kando ya kitanda. Marehemu alimwambia kwamba sasa angeweza kupanda viazi vyake mbele ya nyumba.

"Bado hujainuka," Mama Ritha akamjibu.

Asubuhi iliyofuata Davis alifika wodini na uji. Marehemu alimuuliza kama amemwagilia, akaambiwa ndiyo, alfajiri, penye udongo mkavu tu. Akauliza kama umande umekauka. Davis akasema unakaribia. Marehemu aliitikia kwa kichwa, akamshika mkewe mkono, akafumba macho kuusubiri. Bwana amlaze kwa amani, penye jua la asubuhi na hewa ya kutosha.